Sarafu Zenye Kovu la Patasi

Sikilizeni wanangu, na wewe karani uliyeletwa na Wa Kati kwa kuwa hamwamini kaka yake wala dada yake, sogeza kiti karibu na kitanda, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki dirishani. Andika ninavyosema, usinirembee. Nikisema mjinga andika mjinga, usiandike "mtu asiye na uelewa wa kutosha". Nimezisoma nyaraka zenu za ofisini, mtu anazaliwa humo, anaoa, anafilisika na kufa, na mama yake mzazi akisomewa hamtambui.

Mimi ninakufa. Daktari amenipa wiki mbili, lakini daktari huyu ndiye aliyesema mwaka jana kwamba ni gesi, kwa hiyo mimi nimejipa siku tatu, na leo ni ya pili. Mkubwa, fungua pazia. Si lote, jua la saa nne linaniumiza macho, nusu tu. Haya, sasa acha kulishikashika, kaa.

Yaliyo mepesi niyamalize kwanza. Nyumba hii ni yenu watatu sawasawa, na haiuzwi mpaka wote watatu mtie sahihi siku moja kwenye meza moja, jambo ambalo najua litachukua miaka, kwa sababu tangu mama yenu azikwe hamjakaa meza moja hata kwa kula. Vifaa vya karakana, yaani mawe ya mizani, koleo, tupa na ile mizani kubwa ya magunia, nimeshampa fundi mwenzangu wa mtaa wa pili, na asisumbuliwe. Ni mlevi, lakini mkono wake haudanganyi. Sidai mtu na sidaiwi. Lililobaki ni kabati.

Tangu mwingie mmeukodolea macho ukuta ule, basi tusidanganyane. Lile kabati la droo tano, na sarafu arobaini na tatu za fedha zilizomo, zilizopigwa na Wayunani na majirani zao zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, ndilo lililowaleta hapa. Leo ninasema nani analichukua. Na kabla sijasema nitaongea kwa kadiri ninayotaka, maana mtu akishakufa anabaki kuwa msikilizaji tu, tena wa maneno ya kipuuzi yanayosemwa juu ya kaburi lake na watu wasiomjua.

Upumbavu wangu mimi ulianza na kopo la biskuti. Nilipofika miaka thelathini na tisa nilikuwa na sarafu za kale mia mbili na kumi ndani ya kopo hilo, nilizozikusanya kama mtoto aokotavyo kokoto: hii kwa kuwa inang'aa, hii kwa kuwa ina simba, hii kwa kuwa muuzaji alinichekea. Nikasikia kuna chama cha wakusanyaji, kinakutana kila Jumamosi alasiri ghorofani, juu ya duka la miwani. Nikavaa shati la pasi nikaenda na kopo langu kwapani.

Ngoja niwaambie kilichokuwa mle. Meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, taa yenye shingo ya kupinda, na watu wazima tisa wenye vioo vya kukuzia vinavyoning'inia shingoni kama kengele za mbuzi. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno mstaafu aliyekusanya sarafu zenye picha za merikebu, na hajawahi kupanda hata mtumbwi. Kulikuwa na mwalimu aliyekusanya wafalme waliouawa na walinzi wao wenyewe, akisimulia vifo vyao kwa furaha ambayo haikumfaa mtu anayekabidhiwa watoto wa wenzake. Kulikuwa na mjane mmoja wa farasi. Farasi tu, sarafu ikiwa na farasi na mtu juu yake, alimwona yule mtu kuwa mzigo. Wakaniuliza, kwa sauti ile ya kumuuliza mgeni kama amenawa mikono, "Mada ya mkusanyo wako ni ipi?" Mimi nikafungua kopo, nikalimwaga mezani.

Daktari wa meno akaiokota moja kwa kibano, akaitazama kama jino bovu, akasema, "Bwana fundi, huu si mkusanyo. Haya ni makombo." Wakacheka wote tisa, na mjane wa farasi akacheka mpaka akavua miwani. Nikazizoa sarafu zangu moja moja, maana kwenye kitambaa sarafu haizoleki kwa haraka, na wao walikuwa wakinitazama.

Niliwadharau siku ile na ninawadharau hadi leo, ingawa wote wameshatangulia. Lakini wanangu, mtu unayemdharau akisema kweli, kweli yake haipungui uzito, na hilo ndilo linaloudhi. Asiye na mada ni shamba la muuzaji. Muuzaji wangu tulimwita Bwana Lenzi, mtu mwenye kucha ndefu na duka jembamba kama korido, na kila nilipoingia alikuwa na kitu "kilichonifaa", kwa sababu asiyejua anachotaka kila kitu kinamfaa. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mimi nilishika mia mbili na kumi, na Bwana Lenzi akajenga.

Basi nikaanza kutafuta mada, na hapa ninyi mnaojiona mmesoma tegeni masikio. Msidhani kuchagua mada ni kuchagua unachopenda, kupenda hata mlevi anapenda. Ni kujua utakachokikataa hata kikiwa kizuri, hata kikiwa rahisi, hata Bwana Lenzi akikipangusa kwa leso na kukuwekea kiganjani. Nilijaribu wafalme, mmoja mmoja kwa mpangilio wa kutawala kwao, nikagundua kwamba wafalme hawana mwisho, na kwamba aliyetawala miezi miwili akachinjwa, sarafu yake ni ghali kuliko ya aliyetawala miaka arobaini akajenga barabara. Nikasema sitalipia uzembe wa mtu. Nikajaribu wanyama, nikaleta nyumbani bundi wa Wayunani, sarafu nene yenye ndege aliyekodoa macho, mama yenu akamwona mezani akasema, "Bundi humu ndani? Ama alale nje huyo, ama nilale mimi." Bundi akalala karakana mwaka mzima. Nikajaribu sarafu za shaba peke yake, kwa kuwa ni za bei ya chini, na nawaambia, kuchagua mada kwa sababu ni rahisi ni sawa na kuoa kwa sababu ukumbi umeshakodiwa. Miezi minne sikuwa na hamu ya kufungua droo.

Ndipo siku moja nikaona, chini ya meza ya Bwana Lenzi, sinia la bati lenye sarafu zilizotupwa. Nikainama. Juu kabisa alikuwepo bundi kama yule wangu, ila huyu alikuwa amepigwa patasi katikati ya uso, pigo moja la kina, kutoka jicho hadi bawa. Nikauliza amefanywa nini. Bwana Lenzi akasema, "Achana na hizo, ni vilema. Nauza kwa uzito." Aliniambia mimi, fundi wa mizani, kwamba anauza kwa uzito.

Akanieleza, akipiga miayo. Zamani hizo walikuwepo matapeli waliochukua kipande cha shaba wakakivika ngozi nyembamba ya fedha, wakapiga mhuri juu yake, ikawa sarafu nzuri kwa macho. Kwa hiyo mfanyabiashara asiyemwamini mtu, akipewa sarafu, aliiweka juu ya gogo akaipiga patasi. Ndani ikionekana nyekundu, aliitupa na kumfukuza mwenye nayo. Ndani ikionekana nyeupe, aliipokea. Nikamgeuza bundi dirishani, nikaangalia ndani ya jeraha lake. Lilikuwa jeupe mpaka mwisho.

Wanangu, sijawahi kumpenda mtu ghafla namna ile, wala mama yenu sikumpenda ghafla namna ile. Nilimpenda yule mwenye patasi. Nilimwona: mtu mwenye nyusi nzito, amekaa nyuma ya gogo lake, anawacheka watu wote wanaopita wakiaminiana. Maana mimi nilikuwa nimetengeneza mizani miaka mingi, na ninawajua binadamu kwa upande wanaouficha. Nimemwona mchinjaji aliyegandisha kipande cha risasi chini ya sinia la mizani, na Ijumaa ndiye wa kwanza kukaa mbele kusali. Nimemwona mama muuza unga aliyepima kwa kidole gumba miaka ishirini mpaka kidole kikapinda. Nimemwona mkaguzi aliyegonga mhuri juu ya mizani bila kuivua hata kitambaa. Watu ni shaba iliyovikwa, nilijiambia, na anayewapokea bila kuwapiga patasi ni mjinga na anastahili.

Hiyo ndiyo ikawa mada yangu. Niliuza makombo yote, hata wafalme. Nikaweka sharti moja ambalo sikulivunja kwa miaka thelathini na moja: sarafu iwe ya fedha, iwe imekatwa na mtu wa kale aliyeitilia shaka, na iwe imeonekana safi hadi ndani. Zile zilizotoa shaba nilizikataa, nyingi zikiwa nzuri. Nilipowapelekea wale tisa ghorofani, daktari wa meno akasema nimeanzisha wodi ya majeruhi. Sikujali. Wao walikuwa na picha za merikebu. Mimi nilikuwa na ushahidi.

Sasa nije kwenu. Mwezi uliopita niliwaambia kila mmoja aingie peke yake, afungue droo zote tano, aangalie sarafu arobaini na tatu, aandike kwenye karatasi mada yake ni nini, na atakayeipata mada, kabati ni lake. Karatasi ninazo hapa chini ya mto. Karani, zisome ukitaka kucheka baadaye, lakini mimi nazijua kwa moyo.

Mkubwa, wewe unayeuza magodoro na unayeamini kwamba kila tatizo la mwanadamu ni kulala vibaya, uliandika: "Wanyama na wafalme wa zamani. Baba, pole, nyingi zimeumia." Arobaini na tatu, siku ile zote zilikuwa na kovu la patasi, na wewe ukaandika "nyingi". Wa Kati, mtu wa bima, wewe hukuandika, ulipiga chapa. Kurasa tatu. Uliziona sarafu kwa dakika kumi, ukazipiga picha kwa simu, ukawauliza watu usiowajua bei zake, ukaniletea jedwali lenye kichwa cha habari "Uwekezaji wa muda mrefu katika madini ya thamani". Nilisomesha mtoto kwa kulamba vumbi la shaba, na haya ndiyo mavuno. Usiinue kidole. Ukiwa na la kusema liwekee bima.

Na wewe mwanangu wa mwisho, uliyesimama hapo mlangoni na mkoba begani kama mtu anayesubiri basi, najua husogei kwa sababu hutaki kukaa kwenye nyumba yangu. Simama. Wewe uliandika mistari miwili. "Zote zimekatwa na mtu asiyeamini. Kabati silitaki." Nitarudi kwako. Acha kwanza nimalizane na kaka yako, maana pumzi ya kutukana bado ninayo.

Baada ya karatasi hizo, nilipolazwa zile siku tisa, Mkubwa huyu alikuwa na ufunguo wa nyumba ili amwagilie maua ya marehemu mama yake. Akafungua kabati. Akachukua sarafu kumi na saba, droo mbili nzima, akazifunga kwenye soksi, soksi, karani, andika soksi, akampelekea sonara anayetengeneza hereni karibu na stendi, akamwambia, "Ziba hizi nyufa." Na sonara, kwa kuwa Mungu huwaumba wajinga kisha huwakutanisha, akaziba. Akayeyusha fedha mpya, akajaza majeraha ya miaka elfu mbili, akapiga msasa, akang'arisha. Niliporudi, mwanangu akaniinua kwenye mito, akavuta droo, akasimama pembeni akitabasamu kama siku aliyoleta cheti cha darasa la saba. Nikawaona bundi wangu wanang'aa kama vijiko vya harusi. Kazi ya miaka kumi na mitatu. Nilimtukana mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Na yeye, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili mwenye kitambi, alilia, akasema, "Baba, nilidhani zimeumia. Nilidhani ukirudi ukazikuta zimepona utafurahi."

Nimelala na maneno hayo wiki tatu, na yamenikera kuliko mirija. Nipeni maji. Hapo hapo, yatosha.

Mwanangu wa mwisho, sasa nakuja kwako. Hawa kaka zako wanajua nusu ya habari, na nusu wanayoijua niliitunga mimi, kwamba ulikuwa na kiburi. Karani, andika hili vizuri. Binti yangu huyu alifanya kazi karakana na mimi miaka mitatu, na mkono wake ulikuwa bora kuliko wangu. Alikuwa akiweka jiwe kwenye sinia anafumba macho, anasikia mahali mhimili unapokwaruza. Siku moja duka la dawa lilituletea mawe yao madogo ya shaba tuyahakiki, yako kwenye kisanduku cha mbao, kila jiwe kwenye shimo lake. Hakuna kilichokuwa kimepotea. Hakuna aliyelalamika. Sikuwa na sababu yoyote isipokuwa tabia yangu. Nikachukua jiwe la gramu mia, nikalitumbukiza kwenye mkoba wake uliokuwa nyuma ya mlango, nikaenda kukaa nikijifanya napiga tupa, nione atafanya nini akilikuta.

Alikwenda kula mchana, akarudi kabla hajala. Alikuwa amelishika kwenye kiganja kilicho wazi. Akasema, "Baba, hili limekutwa mkobani mwangu. Na humu ndani tuko wawili."

Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Vizuri sana. Sasa najua." Na nilidhani namsifu! Wallahi nilidhani namtunuku, kwamba nimemkata na ndani nimemwona mweupe, na kwamba mtu hawezi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mizani kubwa ya magunia, akaondoka. Miaka kumi na moja. Amekwenda kliniki kupima watoto wachanga na kukaza mwenyewe skrubu za mizani yao, huko ambako anayepimwa hatuhumiwi chochote. Jioni ile mama yenu akaniuliza habari, nikamweleza nikijigamba, akasema, "Umempima mwanao. Haya, amefika uzito?" Hakusema tena habari hiyo mpaka anazikwa, na siku ya mazishi binti yake alisimama upande wa pili wa kaburi.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hiyo niliijua tangu nikiwa na kaptula, na nimekaa miaka thelathini na moja na kabati lililojaa makovu nikiyapiga brashi laini kila mwezi, nikiyaandikia vikaratasi, na sikuwaza. Nimewacheka wale tisa ghorofani, nimemcheka Bwana Lenzi, nimewacheka ninyi na karatasi zenu, lakini nyani haoni kundule. Niulizeni kila sarafu mle ilisema nini. Ilisema kwamba mwenye patasi alikosea. Arobaini na tatu, na mara zote arobaini na tatu yule bwana wangu mwenye nyusi nzito alimshuku asiye na hatia, akamharibu uso, akampokea kama kwamba amemfanyia hisani, na sarafu ikaendelea na safari yake ikiwa nusu ya thamani. Sharti lile niliweka mwenyewe, kwa ulimi wangu, na sikulisikia. Mimi nilikaa upande wa gogo, nikiipenda patasi. Mjinga. Andika hivyo, karani: mjinga. Usiweke maneno mengine.

Na hata mwezi uliopita, na miguu imeshavimba, nikawatumia kabati kuwapima tena. Ingieni mmoja mmoja. Andikeni. Atakayepata. Huyu mmoja aliyepata akaniambia hataki, na ana haki.

Basi nasema nani analichukua. Kwa ahadi yangu ni la mwanangu wa mwisho, kwa kuwa yeye ndiye aliyeijua mada. Kwa neno lako hulitaki, na mimi sitakulazimisha ubebe nyumbani kwako vitu arobaini na tatu vya kukukumbusha jiwe la gramu mia. Wa Kati, wewe usijiandae, tulia kwenye kiti. Wewe nakupa kioo changu cha kukuzia, ili siku moja katika maisha yako ukitazame kitu kimoja kwa muda mrefu bila kuuliza bei.

Kabati nampa Mkubwa. Ndiyo, wewe, acha kugeuka nyuma, hakuna mwingine. Zote arobaini na tatu, za droo tatu zilizosalia na zako za soksi. Nimekudharau tangu uliposhindwa kusoma mizani ya jikoni ukiwa na miaka tisa, na hukuwahi kunifanya nibadili maoni, na sasa nasema mbele ya karani: watu wengi wenye akili wamefungua droo zile, wenye vioo shingoni, wenye vitabu, na mimi wa kwanza wao. Tuliona kovu tukaliita mada. Wewe peke yako, kwa ujinga wako, uliona kitu kimeumia ukatafuta wa kukitibu. Sonara wako ni mpumbavu na kazi yake ni mbaya, imevimba pembeni, nimeipitisha kidole. Lakini ulikwenda. Mimi miaka kumi na moja sikwenda hata mpaka mlango wa kliniki, na ni vituo vinne vya basi.

Ukitaka kuziba zilizobaki, ziba. Ukitaka kuwapa wanao wachezee, wape. Wapo watakaokuambia umeharibu mkusanyo wa pekee, na watakuwa wanasema kweli. Waambie Baba alijua. Mada yangu imeishia hapa, na simwachii mtu aiendeleze. Nanyi mkitaka kukusanya kitu, chochote, stempu, vifuniko vya chupa, chagueni mada kwa kujiuliza kwanza mko upande gani wa patasi. Hiyo... hiyo ndiyo elimu yangu yote. Ni ndogo. Imenigharimu.

Inua mto. Siyo wewe, Wa Kati, unanivuta shingo. Haya.

Maagizo ya mwisho. Nizikeni upande wa kushoto wa mama yenu, wa kulia aliukataa mwenyewe. Maneno kaburini yasizidi dakika tano, na chama kikituma mwakilishi, kama kuna mzee amebaki nimemsahau, asipewe kusema. Msigombane juu ya nyumba mbele ya majirani. Gombaneni ndani, kuta ni nene. Mungu awape riziki ya halali na macho ya kutosheka nayo. Mkubwa, Mungu akulinde na werevu. Wa Kati, Mungu akupe kitu usichoweza kukitia bei, na akupe mapema, usije ukakipata kitandani kama mimi. Na nyote awape... awape watu wa kuwaamini kabla hamjawapima.

Mwanangu wa mwisho. Sina cha kukupa. Vitu vyote nimeshavigawa makusudi, ili nisikupe kitu ukadhani nanunua. Nilikukosea. Hukuwa umefanya lolote. Hilo tu... Nisamehe.

Usinijibu haraka. Jibu la kumridhisha mgonjwa mimi nitalijua, na tabia... tabia haijafa bado, nitataka kulipiga nione ndani lina nini. Kaa nalo. Ukinijibu kesho, na mimi nisipokuwepo, pia... pia ni sawa.

Pazia. Limefungwa? Mbona... Basi, liacheni. 

Nani amenishika mkono? Mkono huu una sugu ya bisibisi. Kaka zako hawana sugu. Umetoka lini pale mlangoni? Sikusikia hatua.

Sema tena, mwanangu, karibu na sikio. Hili la kushoto.

Umesema ndiyo. Nimesikia. Karani, weka kalamu chini... Sikuulizi mara ya pili.